Hatua Hasi Arobaini

Barua ilifika Jumatatu, fupi,
yenye hasira za mtu mpole:
"Je, mashine yenu imewahi kutembea
hatua hasi arobaini kwenda kununua mkate?"

Barnabás Zentai, mpima maji wa mto Tisza,
alikuwa na eksi yake:
kimo cha mto kwenye nguzo yenye alama, Szeged.
Kiangazi kile maji yalishuka,
yakaipita sifuri, yakalala chini yake
sentimita arobaini.
Akaizidisha eksi kwa yenyewe,
akatafuta kipeuo cha pili,
na mashine, bila kupepesa, ikamjibu: eksi.
Umbali kutoka sifuri ukawa hasi.
Mzee akavua miwani, akaifuta, akavaa tena.
Hasi.

Ghorofa ya tatu, Ildikó Varjas
aliisoma barua mara mbili.
Novemba imeketi dirishani na koti lake la mvua.
"Mmoja tu," alisema Csongor, kiti kikizunguka naye.
"Wengine wote wanataka jibu fupi.
Tukianza kuuliza kila herufi ni nani,
watatukimbia."
"Kurahisisha," Ildikó akasema,
"si kukata kichwa ili kofia itoshe."
"Basi eksi gawanya kwa eksi nayo tuiache?
Ni moja! Mtoto anajua."
"Mtoto hajui sifuri imejificha nyuma ya mlango upi.
Na wewe pia hujui."

Vitabu huiita kigeu.
Csongor ameifanya kigeugeu:
asubuhi chanya, jioni halisi,
kwa kufuata njaa ya anayeuliza.
Lakini herufi haikugeuka.
Imekaa palepale ilipoandikwa,
haijasema neno.
Ndiyo maana ya mtajo:
umetaja.
Kutaja si kujua.

Hakumwambia Csongor habari ya kaunta ya manispaa,
yeye ana miaka saba, kameng'ang'ania mkoba wa mama,
na karani mwenye kalamu ya kijani: "Mume?"
Mama akanyamaza.
Karani, kwa huruma, au kwa urefu wa foleni,
akaandika: marehemu.
Baba alikuwa Winnipeg, akichomelea mabomba,
mzima wa afya, mvivu wa barua.
Miaka tisa wakapokea pole
za mtu ambaye hajafa.
Hata posho ya ujane ilikuja,
na mama akaila kwa aibu, mkate wa watu wengine.
Kisanduku kile kingeachwa wazi
kingesema kweli.

Usiku, Ildikó aliandika kanuni:
Kipeuo cha pili cha eksi mraba, kiache kilivyo.
Ukiambiwa eksi ni namba halisi, toa thamani yake kamili.
Ukiambiwa haiwi hasi, toa eksi.
Usipoambiwa,
usijifanye umeambiwa.

Akaamuru majaribio yaendeshwe.
Yaliyofaulu jana,
mia mbili na kumi na tatu,
yakawaka mekundu, moja baada ya jingine,
kama madirisha ya jengo
ambalo wapangaji wote wameamshwa usiku mmoja.
Kila moja lilikuwa limeegemea
dhana ambayo hakuna aliyeitamka.

Csongor, ambaye hakuwa ameenda nyumbani,
alileta kahawa mpya, akavuta kiti.
Safari hii hakukizungusha.
"Haya. La kwanza. Eksi wa hapa ni nani?"
"Sijui. Tumuulize aliyeliandika."
Akafungua kumbukumbu, akashuka nazo
hadi mwaka wa kwanza kabisa wa programu,
akanyamaza kidogo.
"Ni wewe," akasema.

Ildikó akasogea karibu na kioo.
Mstari mmoja, nadhifu, wa haraka,
kwa mkono wake mwenyewe: eksi, bila sharti lolote.
Akajaribu kukumbuka siku ile,
mvua au jua,
na kilichomfanya awe na hakika.